Kabla ya Kumlisha, Mpime Joto

(Hotuba kwa wafugaji wa wanyama wa nyumbani, Kampala)

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokuja na wazazi wenu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa sababu humu ukumbini kuna watu wa Arua, wa Busia, wa Bunia na wa Goma, na wengine wamesafiri usiku kucha kutoka Kisumu. Nashukuru kwa hilo. Kiswahili ndicho kilichonilea katika kambi za polisi, baba akihamishwa leo huku kesho kule.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisomea ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na mbwa. Mjusi nilimsoma kwa kurasa chache sana, na sikudhani siku moja mtu angeketi mbele yangu amempakata mmoja huku machozi yanamlenga. Lakini wageni waliokuja kufanya kazi hapa mjini wamekuwa wakija na wanyama wao, na wanapoondoka huwaachia watu. Anaachiwa mlinzi, anaachiwa dada wa kazi, anaachiwa jirani. Miongoni mwa wanyama hao yumo mjusi wa ndevu, yule ambaye kwa Kilatini cha wataalamu anaitwa Pogona vitticeps. Wenyeji wa kwao humwita joka. Si joka. Ni mjusi wa urefu wa kama nusu mita kuanzia pua hadi ncha ya mkia, mpole kuliko paka wengi ninaowatibu, na chini ya kidevu ana ngozi ya miiba laini anayoweza kuitunisha na kuifanya nyeusi kama mkaa.

Leo nina jambo moja. Mjusi huyu akiacha kula na akalegea, usimfungue mdomo kwa nguvu. Usimpe uji, usimchome vitamini, usimpe dawa ya minyoo. Kwanza pima joto la pale anapoota, la pale anapolala, na uhesabu ni saa ngapi kwa siku analipata. Nasema hivi nikiwa na deni moyoni, na deni lenyewe nitalisema mbele yenu.

Wa kwanza kuletwa kwangu alikuja wakati wa mvua za Aprili. Alikuwa mchanga, hajafikisha mwaka. Kijana aliyemleta alimnunua kwa mtu aliyekuwa anahama, akamweka kwenye sanduku la kioo sebuleni. Akaniambia, "Daktari, siku ya tisa leo hajatia kitu mdomoni." Nikafanya kile ambacho ningemfanyia ndama. Nikamchoma sindano ya vitamini. Nikaponda yai la kuchemsha na boga, nikalainisha kwa maji, nikamwingizia mdomoni kwa bomba la sindano. Jioni nikarudia, na asubuhi nikarudia tena. Chumba changu siku zile za mvua kilikuwa na nyuzi 21. Siku ya tatu tumbo lake likawa gumu na limejaa, na usiku wake akafa.

Nilimpasua ili nijue. Yai langu lilikuwa tumboni vilevile nilivyoliponda, rangi yake ya njano bado inaonekana, limechacha na linanuka. Hakuna kilichokuwa kimesagika. Nilikuwa nimelijaza chakula tumbo ambalo moto wake ulikuwa umezimika.

Nikaanza kusoma upya, safari hii nikianzia kwa mnyama mwenyewe na kwao alikotoka. Kwao ni bara la ndani la Australia, nchi kavu ya vichaka na mchanga mwekundu, ambako mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40. Australia hairuhusu wanyama wake wa porini kuuzwa nje, kwa hiyo hawa tunaowaona wamezaliwa mikononi mwa watu, na wazazi wao vivyo hivyo, vizazi kwa vizazi. Lakini kuzaliwa ndani ya sanduku Ulaya hakukumbadilisha tumbo. Mwili wake hautengenezi joto kama wako na wangu. Sisi tunakula ugali na mwili unawasha jiko lenyewe. Yeye jiko lake liko nje, ni jua. Akilikosa, vimeng'enya vya tumboni, vile vinavyosaga chakula, havifanyi kazi vizuri, utumbo unasimama, kinga ya mwili inashuka, na chakula kinaoza ndani badala ya kusagika. Ndiyo maana mjusi mwenye baridi hukataa kula. Mwili wake unajua kuwa hauna uwezo wa kukipika kile atakachomeza. Kukataa kwake ni akili, na mimi nilimvunjia akili hiyo kwa bomba la sindano.

Hapa kwetu kuna maneno ambayo nimeyasikia karibu kwa kila mteja: "Daktari, sisi tuko Ikweta, mjusi wa Uganda atafutiwa joto la nini?" Naomba tulitazame hili kwa utulivu. Ikweta inapita pale Kayabwe, kweli, na watu wanapiga picha. Lakini Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wetu wa kawaida ni nyuzi 27 au 28, usiku 17 au 18, na siku ya mvua hata mchana mtu anavaa sweta. Kabale, kule milimani, ndiyo usiseme. Hali hii ni tamu kwa binadamu. Mjusi wa ndevu anahitaji mahali pa kuota penye nyuzi 38 hadi 42 juu ya jiwe au gogo lenyewe analolalia, na upande wa pili wa sanduku uwe na nyuzi 25 hadi 28 ili akishiba joto ajiondoe. Nyuzi 27 za Kampala, ambazo sisi tunaziita joto, kwake ni kivulini. Mjusi anayeishi kivulini maisha yake yote anazimika polepole, na mwenye nyumba anasema amekuwa mpole.

Anayetaka kuona nisemayo asiende mbali. Amtazame yule mjusi wetu wa kichwa cha buluu anayepanda miembe na kuta. Huyo ni wa ukoo mmoja na mjusi wa ndevu, na hata tabia ya kutikisa kichwa juu chini wanafanana. Saa moja asubuhi humwoni. Saa mbili anachungulia, mwili mweusi mweusi, anatambaa kama mgonjwa. Anatafuta ukuta ulioelekea mashariki, anajibandika. Baada ya muda rangi inamjia, kichwa kinang'aa, na hapo ndipo anaanza kuwinda sisimizi. Hajawahi kuwinda kabla ya kuota. Wazee wetu wamewaona miaka yote hao, watoto wanawapiga mawe, na kumbe walikuwa wanatufundisha tiba.

Sasa niwaambie habari za Babu.

Dada mmoja anayefanya kazi za nyumbani Bugolobi alikuja kwangu na katoni ya sabuni. Ndani alikuwa amefunika kitu kwa kipande cha kitenge. Alifunua taratibu kama anayefunua mtoto mchanga. Waajiri wake walikuwa wameondoka nchini miezi minne kabla, wakamwachia mjusi, sanduku lake na hela kidogo za chakula. Watoto wa nyumba ile ndio walimpa jina la Babu, kwa sababu ya ndevu. Dada yule akasema, "Daktari, mimi mijusi nilikuwa nawaogopa. Lakini huyu amebaki na mimi, na mimi nimebaki naye. Wiki ya tatu hataki kula. Analala tu."

Nilimshika. Tumbo lake lilikuwa baridi kama sahani iliyolala nje. Macho nusu yamefumba, miguu ya nyuma inakokota, rangi ya mwili imekuwa ya majivu ya mkaa. Mizani ikasema gramu 312, na kwa urefu wake alitakiwa akaribie 400. Nikamuuliza dada maswali ambayo sikumuuliza yule kijana wa kwanza. Taa gani inamwakia? Akasema, "Inawaka vizuri sana, naiwasha kila asubuhi." Nikamwomba nifike nione.

Taa ilikuwa inawaka kweli, nyeupe na kali. Nikaweka mkono chini yake. Hakuna kitu. Ile taa ya joto ya mwanzo, ya waya unaowaka, ilikuwa imeungua, na dada akaenda dukani akauziwa taa ya kuokoa umeme. Mwenye duka hakukosea na dada hakukosea, maana siku hizi nyumba nzima tunatumia hizo. Lakini taa ya kuokoa umeme imetengenezwa makusudi itoe joto kidogo sana. Chini yake kipimo kilisoma nyuzi 25. Babu alikuwa amekaa miezi kadhaa chini ya jua lisilo na moto.

Ilikuwa saa nne asubuhi na mawingu yamefunguka. Tulimtoa uani, tukamweka juu ya tofali lililokuwa linapata jua, nusu ya tofali tumeiwekea kivuli kwa ubao. Nataka mwone hili kama nilivyoliona. Kwanza alikaa tu. Kisha akajitandaza, mbavu zikafunguka pembeni mpaka akawa bapa, mgongo ameuelekezea jua, na mgongo ule ukazidi kuwa mweusi. Wanafanya hivyo ili kuvuta joto, kama nguo nyeusi inavyovuta. Baada ya kama dakika ishirini weusi ukaanza kuachia, ukaanzia shingoni, ikaja rangi ya mchanga, kisha njano hafifu pembeni mwa kichwa. Akainua kifua. Akafungua macho yote mawili, akamtazama kunguru aliyekuwa juu ya paa, na kumfuata kwa kichwa. Dada yule akaweka kiganja mdomoni, hakusema neno. Dakika kumi baadaye Babu alifungua mdomo kidogo, kama anayetaka kusema. Huko ni kupunguza joto, maana yake sasa ameshiba, na mwenyewe akajisogeza kivulini.

Siku hiyo hatukumpa chakula. Tulimdondoshea maji juu ya ncha ya pua, tone moja moja, akawa anayalamba. Siku ya pili tukamwogesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyopita mabega, dakika kumi na tano, na ndani ya maji yale akatoa choo ambacho sijui alikuwa amekishika kwa muda gani. Siku ya nne dada alinipigia simu saa sita mchana. Babu amekula ua la hibiskasi. Dada alilichuma uani kwa jirani, akamwekea mbele, naye Babu akalirarua. Huo ndio mpangilio ninaowasihi muushike: joto kwanza, kisha maji, kisha ndipo chakula. Mnyama aliyekaa na njaa wiki nyingi akijazwa ghafla, hata akiwa na joto, madini ya damu yanaweza kuvurugika na kumuua. Anza kwa kidogo.

Kipimo cha joto ni bei ndogo kuliko dawa. Kile cha kulelea vifaranga kinatosha, mradi kipime pale pale anapolalia, si ukutani. Wengine bado mna vile vya bastola vilivyokuwa mlangoni wakati wa korona. Vingi vimepangwa kwa paji la uso la mtu, kwa hiyo tafuta ile hali ya kupimia vitu, la sivyo kitakudanganya. Na taa ya joto si lazima iagizwe nje. Balbu ya zamani ya waya au ya halojeni, nyeupe, iliyoning'inizwa juu ya jiwe, inafanya kazi, na unairekebisha kwa kuisogeza juu au chini mpaka kipimo kikubali. Ile nyekundu ya vifaranga ina nguvu mno kwa sanduku dogo na mwanga wake haumfai mchana. Jiwe la umeme la kulalia silipendi kabisa. Linaweza kumchoma tumbo.

Umeme ukikatika, nanyi mnajua unavyokatika, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie taulo, muweke karibu nayo. Usimpe chakula siku ambayo hujui umeme utarudi lini. Nawaomba sana, msiingize sigiri ya mkaa chumbani kumpasha joto. Moshi ule usioonekana unaua watu wazima wamelala, sembuse kiumbe cha gramu mia nne.

Pia saa za kumlisha zifuate jua. Mpe chakula taa ikiwa imeshawaka kwa muda wa saa mbili, na cha mwisho kiliwe mapema, abaki na saa mbili au tatu za joto kabla ya giza. Mtu anayerudi kazini saa moja jioni akamlisha mende watano halafu akazima taa amemlaza na tumbo lililojaa, jiko lake halina moto.

Nimesema sana joto. Lakini jua halimpi joto peke yake. Lina mionzi ambayo macho hayaioni, ile wataalamu wanayoiita UVB, na kwa mionzi hiyo ngozi yake inatengeneza vitamini D3. Bila D3 kalsiamu anayokula inapita tu. Mwili unaanza kuiba kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linakuwa laini kama gundi, miguu inapinda, vidole vinatetemeka, na mjusi anakataa kula kwa sababu kutafuna kunamuuma. Vidole vya Babu vilikuwa vimeanza kutetemeka. Taa yake ya mionzi ilikuwa na miaka mitatu. Hapa ndipo watu wengi wanapotegwa. Taa ya UVB huendelea kuwaka miaka, lakini mionzi yake huchoka mapema, nyingi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Jicho lako haliwezi kuona tofauti. Andika tarehe uliyoifunga kwa kalamu juu ya kishikio chake.

Kioo huzuia mionzi hiyo. Kumweka dirishani kwenye jua ni kumpa joto bila mionzi, na kumweka nje ndani ya sanduku la kioo ni kumpika akiwa hai. Sasa sisi wa Uganda tuna neema ambayo mfugaji wa London hana. Jua letu la kati ya saa tatu na saa tano asubuhi lina mionzi ya kutosha, bure, mwaka mzima. Mtoe kwenye kizimba cha waya, robo saa hadi nusu saa, penye kivuli upande mmoja, na mtu mzima akae hapo hapo. Akae kweli, asiende kupokea simu. Anga la Kampala lina mwewe na kunguru, na mwewe hali kwa kuuliza.

Kuhusu chakula nitapita haraka kidogo, maana mengi mnayajua. Mjusi mchanga hula zaidi wadudu, mkubwa hula zaidi majani. Sukuma wiki iliyokatwakatwa ni nzuri. Boga lililokwaruzwa ni zuri. Dodo, yaani mchicha, na spinachi zisiwe za kila siku, kwani zina asidi inayoikamata kalsiamu. Parachichi hapana kabisa. Wadudu wengi, nyenje kwa mfano, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo wapakaze unga wa kalsiamu kabla ya kuwapa. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Mabuu ya inzi yule mweusi ambayo wafugaji wa kuku wameanza kuyazalisha yana kalsiamu yao wenyewe, na ningependa tuyatumie zaidi. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, zikiingia mwezi wa Novemba, mbili tatu hai si mbaya, ingawa zina mafuta mengi. Zile zilizokaangwa na kitunguu na chumvi ni za watu. Mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa, na panzi wa shamba la nyanya lililopuliziwa dawa, ni sumu iliyofungashwa.

Na vimulimuli, wale wanaowaka usiku. Kule Marekani imeandikwa kuwa kimulimuli mmoja aliyemezwa alitosha kumuua mjusi wa ndevu, kwa sumu inayoshambulia moyo. Wa kwetu na wa kule si spishi moja, lakini sitaki mtu yeyote humu ajaribu. Watoto ndio huwakamata kwa furaha kuja kumlisha. Waambieni leo.

Mtu atasema: nimepima, joto lipo, taa ni mpya, bado hali. Hapo sasa ndipo kazi ya daktari inapoanza. Leta choo chake kibichi kwenye mfuko safi, cha siku hiyo hiyo. Daktari yeyote wa kuku nchini humu anaijua koksidia, kimelea kile cha utumboni, na mjusi huyu ana koksidia ya aina yake, na ana minyoo midogo kama pini. Darubini ni ile ile, namna ya kuelesha mayai ya vimelea kwenye maji ya chumvi ni ile ile. Dawa ndiyo si ile ile kwa kipimo. Nimekuta mtu amempa dawa ya koksidia ya kuku kwa kukadiria. Nimekuta mwingine ameshika ivermektini, dawa ya minyoo ya mbuzi. Dawa hiyo inawaua kobe, na kwa mijusi kosa dogo la kipimo laweza kuwa kifo. Ukitaka maabara, chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere kiko hapo juu kilimani, na wanafunzi wake wengi hawajawahi kumshika mnyama huyu. Wapelekeeni. Watajifunza, nasi tutapata madaktari.

Jike anaweza kubeba mayai hata kama hajawahi kuonana na dume. Akianza kuchimbachimba pembe za sanduku, hali, tumbo limejaa vinundu, mpe beseni la udongo wenye unyevu achimbe na atage. Akishindwa kutaga ni dharura. Mjusi anayekaribia kujivua ngozi naye hupunguza kula siku chache. Aliyehamishwa nyumba, vilevile. Na ukiwaweka wawili pamoja, mmoja atakalia jiwe la joto na mwenzake atasinyaa pembeni, nawe utadhani anaumwa. Kila mmoja na sanduku lake.

Sasa neno moja linalonisumbua. Watu wanasoma kwenye intaneti kwamba mijusi hawa hulala majira ya baridi, wiki nyingi, bila kula. Ni kweli. Kwao Australia, Juni hadi Agosti, wakubwa hujichimbia na kulala, na hata wa ndani ya sanduku wengine hufanya hivyo. Lakini sisi hatuna majira ya baridi. Mchana wetu ni saa kumi na mbili Januari na saa kumi na mbili Julai. Kwa hiyo mjusi wa Kampala akilala, usikimbilie kusema ni majira. Mchanga wa chini ya mwaka hatakiwi kulala hivyo kabisa. Mkubwa anayelala kwa afya karibu hapungui uzito. Mgonjwa anapungua. Mpime kwa mizani ya jikoni kila Jumapili, uandike daftarini. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, usisubiri aamke.

Kuna dalili ambazo hata joto hazingoji. Ndevu nyeusi siku nzima bila hasira. Miguu ya nyuma imekufa. Kutetemeka. Mapovu puani au mdomoni. Kuhema mdomo wazi akiwa upande wa baridi. Nyama iliyotoka nje ya tundu la choo. Macho yaliyozama. Akiwa na mojawapo, mfunge kwenye katoni yenye chupa ya maji ya uvuguvugu na uondoke naye saa hiyo hiyo.

Kwa wanaofikiria kumchukua mmoja: waulizeni kwanza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kuhusu vibali. Mnyama wa kigeni hachukuliwi kama kifaranga cha sokoni, na usimwachie porini kamwe umechoka naye. Anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Na kwa nini nimesema taa, vipimo, mizani, daftari, kwa kiumbe ambacho jirani yako angekiua kwa ufagio? Kwa sababu hakujileta. Amewekwa sandukuni na watu, jua lake limo mikononi mwa watu, na hana sauti ya kubweka wala kulia. Kitu pekee anachoweza kutuambia ni kukataa kula. Yule wa kwanza aliniambia siku tisa mfululizo, sikumsikia.

Babu sasa ana gramu 398. Dada alipata kazi nyumba nyingine, Ntinda, na kabla ya kukubali aliwauliza wenye nyumba kama wanaruhusu mjusi. Wamekubali. Dada yuko naye hapa leo, mstari wa mbele kushoto, katoni ileile ya sabuni, kitenge kilekile. Nitampa dada nafasi awaonyeshe alivyopanga taa zake, kwa sababu kwa kweli amezipanga vizuri kuliko nilivyomwelekeza.

Watoto mnaotaka kumgusa, mje wawili wawili, mumpapase mgongoni kwa kufuata magamba, si kinyume. Wenye chini ya miaka mitano watazame tu, maana mijusi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima. Ndoo ya maji na sabuni viko mlangoni, na kila atakayemgusa atanawa kabla ya kupewa soda. Dada yetu, karibu.